Baruti ya bastola haichaguliwi kwa bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aishiye huku Marekani, ambaye barua yake katika toleo lililopita ilieleza namna anavyopunguza gharama za mazoezi ya shabaha kwa kujijazia risasi za bastola nyumbani, yaani kutia baruti na kichwa kipya katika ganda lililokwisha kutumika. Mengi aliyoyasema ni sahihi, na ni kweli kwamba sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa yako majimbo yenye masharti ya ziada. Lakini ipo sentensi moja iliyonikosesha usingizi, nayo ni ile inayosema kwamba ukifika dukani uchukue kopo la baruti ya bastola lenye bei nafuu kuliko yote, kwani baruti ni baruti.

Wengi wetu dhana hiyo tumetoka nayo nyumbani. Marehemu babu yangu, kule Tabora, alikuwa na gobore, na mara nyingi nilimtazama akimimina baruti kiganjani, akiikadiria kwa macho, akiishindilia kwa mdeki, kisha akipachika fataki. Baruti ile nyeusi, ya shura, mkaa na salfa, hupimwa kwa ujazo, na babu alipokosea kidogo aliambulia teke la bega na wingu la moshi. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, ni kitu kingine kabisa. Msingi wake ni nitroselulosi, aina nyingine zikiongezewa nitrogliserini, na kipimo chake ni uzito: greni, ambayo moja ni kama miligramu 65. Kiasi ambacho ungeweza kukipeperusha kwa pumzi moja kinatosha kuivusha risasi ndogo kutoka shinikizo salama hadi shinikizo la kupasua chemba, yaani sehemu ya silaha inamokaa risasi inapofyatuliwa.

Kwa hiyo anayechagua baruti aanze na kitabu cha vipimo kinachotolewa na watengenezaji wenyewe, ambacho hutaja aina ya risasi, uzito wa kichwa chake, jina la baruti, kiwango cha kuanzia na kiwango kisichovukwa. Baruti isiyotajwa hapo kwa risasi yako, iache dukani hata kama inagawiwa bure. Maneno "ya bastola" hayatoshi, kwa sababu chini ya jina hilo zimo zinazowaka kwa kasi kubwa, kama Bullseye, na zinazowaka taratibu, kama H110, iliyokusudiwa risasi nzito za .357 Magnum na .44 Magnum. Kipimo cha ile ya taratibu ukikihamishia kwa ile ya kasi, umeivunja bastola yako, na pengine mkono wako.

Jambo ambalo ndugu yetu hakuligusa kabisa ni nafasi ndani ya ganda. Ratili moja ina greni 7,000, na baruti nzito inayowaka haraka hutumika kidogo sana kwa kila risasi, hivyo kopo moja hujaza risasi nyingi, ndiyo maana inaonekana ya bei nafuu. Ganda la .38 Special, hata hivyo, lilianza enzi ambazo baruti nyeusi bado ilikuwa ikitumika, na urefu wake unazidi mahitaji ya baruti nyingi za leo. Ukilimiminia mara mbili kwa bahati mbaya, linapokea kimyakimya, na nafasi inabaki.

Hilo limenipata. Nilikuwa nimepanga maganda 50 kwenye ubao wenye matundu, nikaitwa mlangoni, nikarudi na kuendelea pale nilipodhani nimeishia. Kabla ya kuweka vichwa nilimulika kwa tochi, tundu moja moja, na katika safu ya tatu nikaona ganda ambalo baruti yake ilikuwa juu kidogo kuliko jirani zake. Tofauti ndogo sana, ambayo bila tochi nisingeiona kamwe. Nilimwaga maganda yote 50 na kuanza upya. Tangu siku ile nachagua, miongoni mwa baruti zilizoruhusiwa kitabuni, ile yenye ujazo mkubwa, inayolijaza ganda zaidi ya nusu, ili nikirudia kosa imwagike mezani mbele ya macho yangu. Inanigharimu zaidi kwa kila kopo, na sijutii hata senti moja.

Kuhusu makopo ya zamani yanayouzwa kwa bei ya kutupa, nasema kwa ufupi: usinunue. Baruti huchakaa. Manowari ya Kifaransa Liberté ililipuka bandarini Toulon mwezi Septemba 1911, na lawama ikaangukia baruti iliyoharibika ghalani mwake. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi la rangi ya kutu, hilo halifai tena. Iliyo nzima nayo ibaki katika kopo lake lenye jina, kwa kuwa limetengenezwa dhaifu makusudi ili likishika moto lifunguke mapema. Sanduku la chuma lililobanwa kabisa hugeuka bomu.

Wasomaji walio Tanzania wasichukue barua hizi mbili kuwa ruhusa. Huko silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, nayo ndiyo ya kufuatwa.

Nakuomba, Mhariri, uchapishe masahihisho ya sentensi ile katika toleo lijalo, tena mahali panapoonekana, kwa sababu najua kijana mmoja hapa mtaani kwetu ambaye ameikata barua ile na kuibandika ukutani juu ya meza yake ya kujazia risasi.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Columbus, Ohio, Marekani