Popo darini: Tuweke wavu, tusizibe kwa saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kero inayowasumbua wakazi wengi wa Tabora, hasa wenye nyumba za miaka mingi zilizo karibu na miembe. Popo huweka makazi darini, nasi huwaondoa kwa namna inayotuachia nyumba zenye joto kuliko zilivyokuwa.

Harufu inapozidi na madoa ya mkojo yanapotokeza kwenye silingi bodi, mwenye nyumba humwita fundi, naye huchoma pilipili au kupuliza dawa ya wadudu, kisha huziba kwa saruji kila upenyo ulio kati ya ukuta na bati. Popo waliobaki ndani hufia humo, nzi hujaa, na hewa iliyokuwa ikipita chini ya bati hukosa njia. Bati linalopigwa na jua la Septemba au Oktoba laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo lisipopata pa kutokea hushuka vyumbani hadi usiku. Kwa maoni yangu, kuwaondoa popo na kuzuia joto ni kazi moja, ifanywe kwa mara moja wakati dari imefunguliwa na fundi yupo.

Kwanza popo watoke wakiwa hai. Tundu wanalopitia hujulikana kwa alama nyeusi ya mafuta ya miili yao na kwa vinyesi vilivyoganda ukutani chini yake. Hapo ning'iniza kipande cha wavu kilichofungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini, ili wanaotoka jioni washindwe kurudi. Kazi hii ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Agosti, kwa sababu wakati wa mvua wengi huwa na watoto wasioweza kuruka. Najua kwamba tangu ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera mwaka 2023 watu huogopa kila popo, lakini wanaojulikana kubeba virusi hivyo ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni, ilhali wengi wa wale wadogo wa darini hula wadudu. Hata hivyo, wasishikwe kwa mikono mitupu, na anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali, kwa kuwa popo wanaweza kuambukiza virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.

Usafi ndio unaopuuzwa kuliko yote. Nimeona vijana wa vibarua wakipanda darini na ufagio na kitambaa puani, wakashuka weupe kwa vumbi kama waliotoka mashine ya kusaga. Katika kinyesi cha popo huweza kuota kuvu wa aina ya Histoplasma, ambao mbegu zao laini zikivutwa pamoja na vumbi hufika mapafuni na kuleta homa, kikohozi na maumivu ya kifua, hata mgonjwa akadhaniwa ana kifua kikuu. Kwa hiyo kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kiloweshwe polepole kwa bomba la mgongoni, lile la wakulima wa tumbaku, mradi lioshwe vizuri kwanza. Kisha kizolewe kwa koleo, kitiwe katika mifuko miwili na kufukiwa mbali na kisima. Kibarua apewe glavu, miwani na barakoa ya kuchuja vumbi laini, kwani ile ya kitambaa haitoshi. Wanaovuna maji ya mvua wasafishe na mifereji ya paa, maana uchafu wa popo huishia kwenye tangi.

Dari ikishakauka na nyaya za umeme zikishakaguliwa, pale palipokuwa na nyufa pawekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, ambao hupitisha hewa na kumzuia popo. Chini ya bati itandazwe karatasi ing'avu ya kuakisi joto, ikiachiwa nafasi ya hewa. Asiyeimudu apake bati rangi nyeupe kwa nje. Pumba za mpunga na magodoro makuukuu ambayo baadhi yetu huyarundika darini siyashauri, kwa sababu panya huyageuza viota na hitilafu ndogo ya umeme huweza kuyawasha. Tembe za zamani, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, zilikingwa na jua kwa paa la udongo mzito. Sisi tumechagua bati, na bati halina kinga hiyo.

Napendekeza Halmashauri ya Manispaa iweke sharti la wavu huo katika vibali vya ujenzi, na Chuo cha VETA kilichopo hapa kiwafundishe mafundi paa namna ya kuufunga, kwa kuwa gharama yake wakati wa kuezeka ni ndogo kuliko ya kubomoa dari baadaye.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora