Barua kwa Bakari kuhusu giaboksi ya mtambo wa upepo

Mombasa,
8 Juni

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini, na kwa kuwa swali lako ni la fundi hasa, nimeona si haki nikujibu kwa maneno mawili matatu. Umeuliza kama giaboksi iliyo juu ya mtambo wa upepo hubadilisha gia upepo unapozidi, kama zinavyofanya zile za malori unazozifungua kila siku. Na kama haibadilishi, basi iko pale kwa kazi gani.

Haibadilishi. Ina uwiano mmoja uliowekwa kiwandani, nao hubaki huohuo tangu siku ya kufungwa hadi siku ya kushushwa. Haina nyutro, haina rivasi, na kati yake na jenereta hakuna klachi. Vinavyoufuata upepo ni vitu vingine viwili: mapanga, ambayo hujigeuza kwenye kitovu ili yaupokee upepo au yauache upite, na elektroniki za jenereta, ambazo huruhusu spidi ipande na kushuka ndani ya mipaka fulani. Giaboksi yenyewe hupokea tu kile inachopewa na kukipeleka mbele, na humo ndimo mashaka yake yote yanamoanzia, kama nitakavyokueleza.

Nichukue mtambo ambao uko huku kwetu, ili hesabu zisielee hewani. Kule Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 aina ya Vestas V52, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, na kwa pamoja inafikia megawati 310. Ile iliyoko Ngong, ambayo watu huiona kutoka viunga vya Nairobi, ni ya aina hiyohiyo. Rota yake, yaani kitovu pamoja na mapanga yake, ina kipenyo cha mita 52, na ikiwa katika mwendo wake wa kawaida hufanya mizunguko 26 kwa dakika. Ukiitazama kutoka chini utadhani inajivuta kwa uvivu, lakini piga hesabu ya ncha ya panga: inakwenda takriban mita 70 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Ukiizungusha kwa kasi kubwa zaidi, kelele inaongezeka, ukingo wa panga unalika kwa vumbi na mvua, na nguvu inayotaka kuling'oa panga kwenye kitovu inapanda upesi sana. Kwa sababu hiyo, rota ikiwa kubwa zaidi hulazimika kuzunguka polepole zaidi. Yenye kipenyo cha mita 150, kwa kasi ileile ya ncha, haitapita mizunguko 9 kwa dakika.

Sasa tazama upande wa pili wa shafti. Gridi yetu ni ya hezi 50, yaani umeme wake hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na jenereta ya kawaida yenye ncha nne za sumaku hutaka kuzunguka karibu na 1,500 kwa dakika. Ukitaka jenereta ya namna hiyo itoe umeme wa hezi 50 kwa mizunguko 26 tu, itabidi uipe ncha 230 hivi, na hapo umekwisha kutengeneza dude la upana wa chumba. Ndiyo maana V52 imewekewa giaboksi inayozidisha mizunguko takriban mara 62, ili 26 ya rota igeuke kuwa zaidi kidogo ya 1,600 kwenye jenereta.

Hapa ndipo kazi yake inapokuwa kinyume cha kazi unayoijua wewe. Giaboksi ya lori hupunguza mizunguko ya injini ili kuongeza torki, yaani nguvu ya kusokota, kwenye magurudumu. Hii huongeza mizunguko, na torki ndiyo inayopungua. Nguvu ni torki mara spidi ya mzunguko, kwa hiyo kilowati 850 zikipita kwenye shafti inayozunguka mara 26 kwa dakika, torki yake inakuwa kama kilonyutoni-mita 312, na nguvu hizohizo zikifika kwenye shafti ya jenereta, torki inabaki kama 5. Zikumbuke namba hizi mbili, maana karibu kila kitu kilichomo ndani ya giaboksi ile kimepangwa kwa ajili yake. Upande wa rota utakuta shafti nene kama gogo, meno mapana na beringi kubwa. Upande wa jenereta utakuta shafti ambayo ungeweza kuichukulia kuwa ya lori. Hata breki ya diski imefungwa upande huo mwembamba, kwa sababu kuishika torki ya 5 ni rahisi kuliko kuishika ya 312. Lakini diski hiyo haitegemewi kuusimamisha mtambo unapokuwa kazini. Kazi hiyo hufanywa na mapanga kwa kugeuzwa ubavu, na breki ikitumiwa kwa ghafla, mshtuko wote hupita kwenye meno.

Mizunguko haizidishwi mara 62 kwa hatua moja, bali kwa tatu. Ya kwanza ni ya gia za sayari, na nadhani umewahi kuzikuta kwenye habu za nyuma za malori ya machimbo. Ipo gia ya pete, yenye meno kwa ndani, ambayo imefungwa kwenye bodi na haizunguki kabisa. Katikati ipo gia ndogo iitwayo jua, na kati ya hizo mbili zipo sayari tatu zilizoshikwa na kibebeo. Shafti ya rota hukizungusha kibebeo, kibebeo huzitembeza sayari ndani ya pete, nazo hulisukuma jua, ambalo ndilo linalotoka na mwendo mpya. Uwiano wake ni moja kujumlisha meno ya pete yaliyogawanywa kwa meno ya jua. Kwa mfano wangu mwenyewe, pete ikiwa na meno 100 na jua 20, kila mzunguko mmoja wa kibebeo hulipa jua mizunguko 6. Baada ya hapo hufuata hatua mbili za gia za kawaida kwenye shafti sambamba, na kila moja ikizidisha kama mara 3.2, utaona tumefika palepale tulipotaka. Meno yake yamekatwa kwa mshazari ili yaingiane taratibu bila kugongana, na hatua hizi za sambamba zina faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana: kwa kuwa shafti ya mwisho imehamia pembeni, katikati ya shafti kubwa panaweza kuachwa tundu la kupitishia waya au mabomba yanayokwenda kwenye kitovu kuyageuza mapanga.

Kwa nini sayari ziwekwe upande wa torki kubwa? Kwa sababu mzigo unagawanywa kwa sayari tatu badala ya kubebwa na jino moja, na hivyo giaboksi inakuwa ndogo na nyepesi kuliko ambavyo ingekuwa kwa gia mbili zinazokabiliana. Hata hivyo mgawo huo ni wa haki kwenye karatasi tu. Pini ya sayari moja ikiwa imetoboliwa nje kidogo ya mahali pake, au kibebeo kikijipinda chini ya mzigo, sayari moja hubeba zaidi ya wenzake. Wahandisi hulitibu jambo hili kwa kuliacha jua bila kulibana kwa beringi ngumu, ili lielee na kujitafutia katikati ya zile sayari tatu. Mimi nauona huu kuwa ufumbuzi mzuri kuliko yote yaliyomo mle, maana mahali ambapo mtu angekaza, wao wamelegeza.

Umeuliza pia kinachoziua. Ulikisia meno, na kwa muda mrefu hata wenye viwanda walikisia hivyohivyo. Mitambo ilikuwa ikiuzwa kwa ahadi ya kudumu miaka 20, na giaboksi nyingi zikawa hazifiki nusu ya muda huo. Mwaka 2007, Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani, iliyoko Colorado, iliwakusanya watengenezaji, wenye mitambo na watafiti, ikachukua giaboksi za kilowati 750, ikazijaza vipimo vya ndani na kuzifanyia majaribio kwenye benchi la maabara na kwenye mnara. Kumbukumbu za uharibifu zilizokusanywa katika kazi hiyo zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya matatizo huanzia kwenye beringi. Meno huharibika pia, lakini mara nyingi huharibika baada ya beringi kulegea na kuyaacha yakutane vibaya, au baada ya vipande vya chuma vilivyobanduka kupita katikati yao.

Na beringi hazifi kwa sababu upepo ni mkali. Laiti rota ingeleta torki peke yake, mambo yangekuwa mepesi. Tatizo ni kwamba upepo wa juu huwa na kasi kuliko wa chini, kwa hiyo panga lililo juu husukumwa zaidi kuliko lililo chini, na rota nzima hutaka kuipinda shafti huku ikiizungusha. Katika mitambo mingi shafti kubwa hushikwa na beringi moja mbele, na nyuma hushikwa na giaboksi yenyewe, iliyoegemea mikono miwili yenye raba. Mpindo wowote ambao beringi ya mbele haikuumaliza huingia ndani ya kibebeo, na sayari ambazo zilipangwa sawasawa na pete huanza kukaa upande upande. Kuna na adui wa pili, ambaye humshangaza kila nimweleweshaye, naye ni utulivu. Upepo unapokuwa mdogo, rota huzunguka polepole bila mzigo, na rola za beringi ya shafti ya kasi huteleza badala ya kubingirika, kwa sababu hakuna uzito wa kuzikandamiza. Kisha upepo unapokuja kwa ghafla, zinabebeshwa mzigo zikiwa bado zinateleza, na utando wa oili hukatika. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoshukiwa katika ugonjwa wa nyufa ndogo zilizo chini ya uso wa chuma, ambazo zikikatwa na kutiwa asidi huonekana nyeupe kwenye hadubini.

Oili nayo ina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Giaboksi nzuri hupoteza asilimia 2 au 3 tu ya nguvu, lakini asilimia hizo kwenye kilowati 850 ni kama kilowati 20 za joto ndani ya sanduku la chuma, na mahali kama Turkana hewa ya nje yenyewe tayari ni moto. Kwa hiyo oili huzungushwa kwa pampu, hupozwa kwenye rejeta, na huchujwa kwa filta zinazokamata chembe za maikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Maji kidogo au vumbi laini yakiingia kwa njia ya tundu la kupumulia, umri wa beringi hupungua vibaya. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya chuma bora zaidi na oili safi zaidi, ningechagua oili.

Bila shaka utasema, kwa nini basi wasiiondoe giaboksi kabisa? Wapo walioiondoa. Enercon ya Ujerumani imekuwa ikiuza mitambo isiyo na giaboksi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baharini, ambako kila tengenezo hudai meli, wengine wengi wamefuata. Lakini torki ile kubwa haikwenda popote. Sasa inabebwa na jenereta, ambayo inabidi iwe pana na nzito, yenye shaba nyingi au sumaku za madini adimu ambazo karibu zote husafishwa China. Wengine wameshika njia ya kati, kwa hatua mbili za sayari na jenereta ya mizunguko mia kadhaa. Na katika giaboksi mpya wapo wanaorudi kwenye bushi, yaani mkono laini usio na rola, badala ya beringi za rola katika sayari, jambo ambalo naona litakufurahisha, wewe uliyekuwa ukitetea bushi zamani zile tunabishana chuoni. Kwa maoni yangu, nchi kavu giaboksi itaendelea kuwapo kwa muda mrefu, kwa kuwa ni nyepesi, ni rahisi kununua, na fundi anaweza kuielewa.

Lakini kuifikia ndiyo kazi. Beringi na gia za shafti ya kasi mara nyingi hubadilishwa hukohuko juu, kwa winchi ndogo. Sayari zikivunjika, hakuna budi kuishusha giaboksi nzima kwa kreni, na kreni ya namna hiyo lazima ifike. Mradi ule wa Loiyangalani ulilazimika kuitengeneza upya barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ili mizigo iweze kupita, na naamini udogo wa mitambo waliyoichagua una uhusiano na jambo hilo. Ndiyo sababu giaboksi hizi hupimwa mtetemo wakati wote na kuchunguzwa kwa kamera nyembamba inayopenyezwa tunduni, ili tatizo lijulikane likiwa bado la beringi moja.

Umeniandikia kwamba umeihifadhi ile beringi ya lori iliyobanduka uso upande mmoja tu. Naomba unipigie picha ya njia zote mbili ambamo rola hupita, ya ndani na ya nje, na uniambie kama alama zimezunguka duara zima au zimekaa mahali pamoja. Zikiwa zimekaa mahali pamoja, nitashuku kupinda kwa shafti kabla ya kuilaumu oili.

Msalimie mama, na mwambie nauliza hali ya mguu wake.

Ni mimi nduguyo,
Rashidi