Nimefaulu mtihani wa kwanza wa cheti cha databesi ila kwa dampu (maswali ya kuibwa), naombeni ushauri kabla sijalipia mtihani wa pili

Wakuu habari zenu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi huwa nasoma tu barua za wenzangu napita kimyakimya, ila leo limenifika shingoni nimeona na mimi niandike. Itakua ndefu kidogo mnivumilie.

Nina miaka 33, nafanya sapoti ya kompyuta mwaka wa sita huu. Kazi yenyewe mnaijua, printa imegoma, mtu kasahau paswedi, unapigiwa simu saa kumi na moja jioni kompyuta ya bosi haiwaki, unakimbia ukifika unakuta swichi ya ukutani haijawashwa. Siidharau maana ndo imenilisha, lakini miaka 6 ya kuwawashia watu swichi jamani inatosha.

Ninachokitaka ni kua DBA, yaani msimamizi wa databesi. Kilichoniingiza tamaa ni siku moja tulikua na ripoti ya mwisho wa mwezi inachukua karibu dakika arobaini kutoka, watu wanaibonyeza wanaenda kunywa chai, sisi wa sapoti tumeshasema seva imezeeka inunuliwe nyingine. Akaja jamaa mmoja mpole tu, akauliza maswali kama matatu hivi, akaitazama ile kueri (amri inayovuta data), akaongeza indeksi moja (kama faharasa ya kitabu) kwenye jedwali la mauzo, akatuambia bonyezeni sasa. Ikatoka kabla hajafunga laptopu yake. Hakununua kitu, hakubadilisha mashine. Nikasema hii ndo kazi.

Sasa nikaanza kuulizia njia, na kila tangazo la kazi nililoliona lilikua linataka vitu viwili, cheti cha OCP cha databesi za kampuni ya Oracle na uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Uzoefu sina na hamna wa kunipa kama sina uzoefu, hapo unazunguka kama ng'ombe wa kukamulia mafuta, kwa hiyo nikaona bora cheti maana kile angalau kinalipiwa. OCP ya toleo la 19c ina mitihani miwili, 1Z0-082 halafu 1Z0-083. Nikajibana, nikasoma wiki za mwanzo vizuri kabisa, nikafika kwenye mambo ya undo na redo, zile kumbukumbu za mabadiliko ya data, nikaanza kuchoka, na hapo ndipo rafiki yangu mmoja akanitumia faili la maswali. Dampu. Wanaojua wanajua. Maswali ya mtihani wenyewe watu wameyaiba wameyapanga na majibu yake, wewe kazi yako ni kukariri.

Sitawadanganya, nilikariri. Na nikafaulu ule wa kwanza, tena vizuri tu, nikapiga picha ile karatasi ya matokeo nikamtumia mama yangu, akafurahi mno mpaka leo anawaambia watu mwanangu ni mtaalamu. Hiyo inaniuma kuliko vyote.

Miezi kama minne baadae nikaitwa intavyuu, nafasi ya DBA mdogo wa zamu ya usiku. Walikua wawili, mmoja kijana yuko bize na simu, mwingine mama wa makamo hivi, ameshika karatasi yangu. Akaniuliza hivi, databesi imekufa saa nane na nusu mchana, bakapu ya mwisho ni ya jana usiku, wenye kazi yao wanataka irudi kama ilivyokua saa nane na dakika ishirini na tisa, wewe unaanzia wapi? Nikajibu haraka, RMAN! Akasema sawa, RMAN ni chombo cha Oracle cha bakapu, ila kabla hujakigusa kuna kitu utataka kukijua kuhusu hiyo databesi, ni kitu gani?

Wakuu, hilo swali lilikuwepo kwenye dampu. Nilikua nakumbuka kabisa jibu lake ni C. Lakini C yenyewe inasemaje sikumbuki, na hapo mezani hapakua na A wala B ya kunisaidia kufananisha.

Alinisubiri, hakunicheka. Mwisho akanieleza mwenyewe kwamba kwanza unaangalia kama iko kwenye ARCHIVELOG, yaani inazitunza nakala za redo zake, maana kama haipo, zile redo za mchana zinakua zinaandikwa juu kwa juu zinafutana, basi utarudi mpaka jana usiku tu na kazi yote ya leo imeondoka. Kama ipo ndo unarejesha bakapu ya jana halafu unaipandishia juu yake archive logi moja moja mpaka dakika unayoitaka. Kitu cha sentensi mbili tatu! Halafu akaniuliza kwa upole, mwanangu, huu mtihani uliusoma au uliukariri? Nikanyamaza. Akasema nenda karejeshe databesi hata kumi, ziwe zako mwenyewe za kuchezea, halafu urudi.

Nilirudi nyumbani sijaongea na mtu.

Kesho yake kazini nikawa najiuliza, hivi sisi wenyewe hapa bakapu zetu zikoje? Mfumo wetu wa mauzo na stoo unatumia PostgreSQL, databesi nyingine sio ya Oracle, uliwekwa na fundi wa nje ambaye anakuja mara moja moja. Kuna skripti inaamka kila siku saa sita usiku inapiga pg_dump (programu ya kutoa bakapu) inaweka faili kwenye folda. Nikafungua folda, faili zimejipanga vizuri kweli, kila moja na tarehe yake, hamna hata siku moja imerukwa. Nikafurahi. Alafu nikaangalia ukubwa. Sifuri. Nikashuka chini, sifuri, sifuri, sifuri, nimerudi nyuma miezi saba yote ni sifuri!

Kumbe yule fundi alihamisha databesi kutoka toleo la 12 kwenda la 15 kwenye mashine mpya, ila skripti ikabaki kule kwenye mashine ya zamani inatumia pg_dump ya toleo la 12, na pg_dump haikubali kabisa kusoma seva ya toleo kubwa kuliko lake, inakataa inatoka. Sasa kwa vile skripti ilikua inamwaga matokeo kwenye faili, faili linatengenezwa kwanza halafu hakuna kinachoingia ndani. Ujumbe wa kukataa ulikua unaandikwa sehemu ambayo hakuna mtu anapita. Yaani miezi saba disiki moja tu ingekufa tungekua tunaulizana kwa macho.

Nilikuja kusoma baadae kumbe hata GitLab, kampuni inayotunza kodi za waandika programu, yaliwakuta, 31 Januari 2017, fundi wao amechoka usiku akafuta data kwenye seva isiyo yenyewe, kuja kutafuta bakapu wakakuta pg_dump ilikua inagoma kimyakimya kwa sababu hiyohiyo ya matoleo, 9.2 dhidi ya 9.6. Waliokolewa na nakala ya kama masaa sita nyuma, na wakayaandika yote hadharani wenyewe. Ilinipa nguvu kidogo, maana nilidhani ujinga wa namna hii ni wa kwetu tu.

Basi nikachukua pg_dump ya toleo la 15, nikatoa bakapu, nikaenda kuirejesha kwenye laptopu yangu. Mara ya kwanza ikanitolea makosa mistari mingi kwamba role (mtumiaji wa databesi) fulani haipo. Nikahangaika mpaka saa saba usiku ndo nikaelewa kwamba pg_dump inabeba databesi moja tu, watumiaji na haki zao za jumla hazimo, hizo unazitoa na pg_dumpall kwa --globals-only. Nikarudia. Nikahesabu mistari ya jedwali la ankara huku na kule zikalingana. Nimefanya hivyo mara kumi na nne mpaka sasa, nimeandika kwenye daftari kila mara imechukua dakika ngapi na nini kiligoma. Ile furaha ya mara ya kwanza kulingana sikuipata siku ya mtihani.

Nikamwambia meneja. Alishtuka, akampigia yule fundi wakasemana huko, halafu akanigeukia akasema wewe si umefaulu mtihani bwana, kuanzia leo databesi ni ya kwako. Cheo kilekile cha sapoti, mshahara uleule, printa bado zangu, na sasa databesi nayo ikisumbua usiku napigiwa mimi.

Sasa shida yangu inaanzia hapa. Nimeshaweka akiba ya mtihani wa pili, 1Z0-083, na kwangu mimi hiyo hela ni kubwa, inakaribia mshahara wa mwezi. Yule rafiki yangu ameshanitumia dampu yake tayari, iko kwenye barua pepe sijaifungua na sijaifuta pia. Nikiipata OCP kamili najua CV yangu itapita kwenye ule mchujo wa kwanza, maana anayechuja hajui archive logi ni nini, anatafuta zile herufi tatu tu, asipoziona unawekwa pembeni hata uwe umerejesha databesi mia. Hilo nimeliona kwa macho, nimeomba kazi sehemu nyingi na nilipoitwa ni sehemu ile moja tu. Kwa hiyo wanaosema cheti hakina maana mimi siwaelewi, wengi wao wameshaingia ndani zamani.

Lakini upande wa pili, kazi ninayoigusa kila siku ni PostgreSQL sio Oracle. Na PostgreSQL haina kampuni moja inayoimiliki ya kutoa cheti chake, wanatoa makampuni kama EDB, ambacho nikitazama matangazo ya kazi mara chache sana nakiona kimetajwa. Kuna mwingine ananiambia achana na zote hizo nenda DP-300, cheti cha databesi cha Microsoft, maana wale wanakuhuishia bure kila mwaka kwenye mtandao, huku mwenyewe alikua na MCSA, cheti chao cha zamani, na walivyoifunga Januari 2021 alilalamika mwezi mzima. Na kuna wa tatu ndo ananikatisha tamaa kabisa, anasema DBA inakufa, klaudi inajipiga bakapu yenyewe na kujisasisha yenyewe. Huyo sikubaliani nae sana, RDS, databesi ya klaudi ya Amazon, inatunza bakapu zake za otomatiki mwisho siku 35, sasa aliyefuta jedwali ukagundua baada ya miezi mitatu klaudi itakusaidiaje? Na kueri mbovu ni mbovu hata ikiwa mawinguni.

Kusoma kwenyewe najua hakuhitaji hela. Oracle XE, toleo lao dogo, ni ya bure, inakubali data mpaka GB 12 na RAM GB 2, kwa kujifunza inatosha na kubaki, nimeshaiweka kwenye VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu) na juzi nimeiua makusudi nikairudisha mpaka dakika niliyoitaka, kwa ARCHIVELOG ileile iliyoniaibisha. Kwa hiyo naweza kuusoma ule mtihani kihalali kabisa, itanichukua kama miezi sita kwa hizi zamu zangu. Wakati huo nafasi zinapita, na umri nao haunisubiri.

Naomba mnisaidie hasa nyie mliopita huko. Hiyo hela niiweke kwenye 083 au niiache kwanza nikomae na PostgreSQL? Na ule mtihani wa kwanza niuweke kwenye CV au niutoe, maana kihalali kampuni zinazotoa vyeti zinaweza kuyafuta matokeo zikigundua ulitumia dampu, na hata zisipogundua mimi nikiulizwa tena kama nilisoma au nilikariri nijibu nini? Halafu hii kazi ninayoifanya saivi naruhusiwa kuiandika kama uzoefu wa DBA wakati kwenye mkataba mimi ni sapoti, au nitaonekana naongopa? Kwa meneja nidai cheo kwanza au nijaze daftari kwanza?

Na la mwisho, yule mama. Barua pepe yake ninayo, ilikua kwenye ile ya mwaliko wa intavyuu. Alisema kumi, nimefikisha kumi na nne bila kuhesabu za Oracle. Nimeshaandika barua ya kumwomba anifikirie tena, na nimemweleza ukweli wote wa dampu, iko kwenye rasimu wiki ya pili hii, kila nikitaka kuituma naifuta aya ya dampu, halafu nairudisha. Mngekua nyie mngeituma na hiyo aya au bila hiyo aya?