Vikopo vya kuongeza kinga viandikwe kilichomo

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi dawa za asili za kuongeza kinga zinazouzwa stendi na kwenye mabasi hapa Dar. Mama yangu alinunua kikopo cha unga wa kijani, lebo imeandikwa tu "huongeza kinga", hamna kilichomo, hamna tarehe ya kuisha, hamna namba ya usajili. Mama ana kisukari anachoma insulini, akawa anakoroga vijiko viwili kwenye uji asubuhi na jioni, siku ya nne tukamkuta anatetemeka jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, kupima sukari inasoma 2.8, imeshuka mno, yaani tungechelewa kidogo tu! Nesi akaunusa akasema huu ni kama mlonge, na mlonge unaweza kushusha sukari, ukijumlisha na insulini ndo hatari.

Sipingi dawa za asili, bibi kanilea na mwarobaini. Ila Sheria ya Tiba Asili ipo tangu 2002 na Baraza lake lipo, basi waje stendi wakague hivyo vikopo. Na nyie mnaotumia dawa za presha, sukari au ARV, mwambieni daktari kila unga mnaokunywa jamani, hata kama ni majani tu.

Msomaji, Mbagala