Barua kwa mwanangu: mimi nilianza na rangi

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sote huku wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Nimeisikiliza sauti uliyonitumia, unaniuliza nilijionaje siku nilipoona televisheni ya rangi baada ya kuzoea nyeusi na nyeupe. Umenichekesha. Mimi mambo yalinijia kinyume.

Televisheni Zanzibar ilipoanza mwaka 1973 ilikuja na rangi zake, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Mzee Karume hakuiwahi, aliuawa Aprili 1972. Kwetu hatukuwa na seti. Watoto tulijazana kwa jirani, tumekaa jamvini, magoti kwa magoti. Kanga nyekundu ilionekana nyekundu, basi. Rangi haikutushangaza hata kidogo. Kilichotushangaza ni watu kuenea sandukuni.

Mwaka 1975 babu yako akanipeleka Mombasa kwa shangazi. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, kwa hiyo nilitarajia makubwa. Shangazi akawasha: kijivu kitupu. Nikasema kwa sauti, "Baba, ya shangazi mbovu!" Kofi la kisogo nililikumbuka hadi tunapanda boti kurudi.

Sababu niliijua nilipoingia kwenye ufundi. Waliotangulia walibanwa na seti zao wenyewe. Marekani ilipoidhinisha mfumo wake wa rangi Desemba 1953, majumba yalishajaa mamilioni ya seti za nyeusi na nyeupe, na hizo hazikutakiwa kugeuka takataka. Basi mawimbi yakabeba picha kamili ya kijivu, na rangi ikapandishwa juu yake kama abiria. Seti kuukuu humpita abiria bila kumsalimu. Seti mpya humpokea. Taabu ni kwamba abiria akiyumba njiani, uso wa mtu hugeuka kijani.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Walter Bruch, Mjerumani wa kampuni ya Telefunken. Katika mfumo wake wa PAL, ambao ndio tulioutumia Zanzibar, sehemu ya ishara ya rangi hugeuzwa kila mstari wa picha, hivyo kosa la mstari huu hufutwa na la mstari unaofuata. Ujerumani Magharibi waliuzindua tarehe 25 Agosti 1967. Willy Brandt, makamu wa kansela wao, alipeleka mkono kubonyeza kitufe chekundu, na rangi zikatokea kabla hajakigusa! Kitufe kilikuwa cha maonyesho tu. Fundi aliyewahi mno siku ile, namhurumia mpaka leo.

Sisi visiwani hatukuwa na seti kuukuu za kuzionea huruma, tukaanzia walikofika wenzetu. Bara, televisheni ilionekana anasa, na vituo vyake vya kwanza vilikuja mwaka 1994. Kabla ya hapo, Dar es Salaam wapo waliosimamisha milingoti mirefu juu ya mapaa ili wainase Zanzibar.

Shangazi naye hakukubali kushindwa. Safari iliyofuata nilimkuta amebandika karatasi ya plastiki kwenye kioo: juu buluu, katikati kahawia, chini kijani. Msomaji wa habari akatokea na kipaji cha buluu na shati la majani. "Haya," akaniambia, "hiyo si rangi?"

Nikaitikia, "Ni rangi, shangazi." Babu yako alikuwa kakaa nyuma yangu.

Babako