Wauza simu, tupeni email na paswedi zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenye maduka ya simu, kuanzia Kariakoo mpaka huko mikoani, na wateja wao pia, maana kuna jambo linaumiza watu kila siku na sioni likisemwa.

Mtu anaenda kununua simu janja, pengine ndo ya kwanza maishani mwake, simu ikiwashwa inadai email, yeye hana, basi kijana wa dukani anasema lete nikufungulie, anabonyezabonyeza pale, anaweka jina lolote na paswedi anayoijua yeye, WhatsApp inaingia, mteja anashukuru anaondoka. Hakuna aliyeandika popote ile email ni ipi. Toka siku hiyo picha na majina anayosevu vinaweza kuwa vinapanda kwenye seva za Google, yaani kompyuta zao kubwa za kuhifadhia vitu, pengine kwa bando lake mwenyewe, lakini siku simu haipo hana namna ya kuvifikia.

Na siku hiyo huwa inafika. Kuna mama jirani yetu ni fundi cherehani, vipimo vya wateja alikuwa anavipiga picha kutoka kwenye daftari, mishono yote aliyowahi kushona iko kwenye simu, namba za watu wa harusi humohumo. Wakamkwapulia kituoni jioni. Akajikusanya akanunua nyingine, akarinyu laini, akijua vitu vitarudi. Laini ikaja na namba yake ileile lakini majina hamna hata moja, WhatsApp ikafunguka tupu. Wengi hawalijui hili, bakapu ya WhatsApp, yaani nakala ya meseji iliyohifadhiwa mtandaoni, kwenye Android hairudi kwa namba ya simu peke yake, inataka namba ileile na akaunti ileile ya Google, ndo ile email ya dukani, iliyotumika kuhifadhi, kimoja kikikosekana hupati kitu. Tukaenda naye dukani alikonunua ile simu ya mwanzo, yule kijana alishaacha kazi, aliyepo anasema yeye hajui lolote.

Kinachouma ni kwamba vitu vyake havijapotea! Vipo, hakuna aliyevifuta, na hawezi kuviona. Tena havitakaa milele, kwa sera ambayo Google waliitangaza mwaka 2023 akaunti ya mtu binafsi isipoguswa miaka miwili wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo.

Sasa geuza upande wa pili. Yule kijana aliyeweka paswedi bado anaijua. Akitaka anaweza kuingia kwenye akaunti yako akiwa amekaa kwake, aangalie picha za watoto wako, kitambulisho chako ulichokipiga picha, mkataba wa kiwanja, kila kitu. Sisemi vijana wote wa madukani wana nia mbaya, wengi wanasaidia tu kwa roho safi na foleni ya wateja ni ndefu, lakini hakuna mtu angekubali fundi kitasa abaki na ufunguo wa nyumba yake, kwa nini kwenye simu tunakubali? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo. Naiomba Tume iingie kwenye maduka ya simu, isiishie kwenye mabenki na makampuni makubwa, maana mtaani ndo taarifa za watu wa kawaida zinapoanzia.

Wapo watakaosema achana na mambo ya seva, weka vitu kwenye memori kadi. Memori kadi ikiwa ndani ya simu inakwapuliwa pamoja na simu. Kuhifadhi mtandaoni ni kitu kizuri sana na kuanza ni bure, Google wanakupa GB 15 kwa picha, email na mafaili yote kwa pamoja, na tangu mwaka 2024 hivi bakapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa humohumo. Zikijaa inaacha kuhifadhi, kwa iyo zile video za kutumiwa kwenye magrupu zifuteni. Na kama bando linawaumiza, kuna sehemu ya kuchagua ipandishe kwa waifai tu.

Kwa ambao simu bado iko mkononi, fanyeni leo. Ingia setingi, tafuta palipoandikwa Google, email yako utaiona hapo, iandike kwenye daftari. Alafu badili paswedi, na uangalie namba ya kukusaidia ukisahau ni ya nani, utashangaa wengine wamewekewa namba ya dukani. Weka yako, na laini hiyo usiitupe, laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Mkishindwa mwombeni mtoto wa nyumbani awafanyie mkiwa mmekaa naye, msimwachie simu.

Na nyie wenye maduka, mbona risiti mnatuandikia na garantii mnagonga muhuri? Nyuma ya risiti hiyohiyo andikeni email ya mteja, paswedi mpeni simu aiandike yeye mwenyewe nyie mkiwa mmegeuka pembeni, ndo mumpe mzigo wake aondoke.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam