Dirisha moja lina nembo, mengine yana manyoya

Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na wenzangu tunaotengeneza programu za kompyuta, maana hili jambo ni dogo lakini jamani linakera. Unafungua programu, dirisha kubwa lina nembo yake safi kabisa, ukibonyeza Mipangilio linachomoza dirisha la pili na pale juu kwenye kona kuna kaunyoya ka bluu, ukibonyeza Futa, unyoya tena. Huo unyoya ni ikoni ya Tk yenyewe, ile maktaba ya kutengenezea madirisha ambayo wengi tunaitumia kwenye Python, ndo unaojitokeza kwenye Windows kama hujaweka yako.

Nami nilikuwa mkosaji. Siku moja mtumiaji wangu kanipigia simu anauliza eti mashine imeingia virusi, kumbe kaona kale kadirisha ka "una uhakika unataka kufuta?" kana ikoni asiyoijua akakafunga mbio. Nikacheka, halafu nikaona aibu. Kuangalia msimbo wangu nakuta nimeandika iconphoto(False, picha), amri ya Tk ya kuweka nembo, na hiyo False ndo mchawi, inaifungia nembo kwenye dirisha hilo hilo moja. Ukiweka True, kila dirisha litakalofunguliwa baadaye linairithi, ndo maana mstari huo uwe juu kabisa kabla hujafungua dirisha lingine lolote. Na picha unaweza kuipa zaidi ya moja, ya 16 kwa 16 kwa ajili ya kona na kubwa kwa kwingineko, la sivyo mashine inaifinya mpaka inakuwa doa tu.

Wapo wanaokopi mstari ule ule na kuupesti kila dirisha, madirisha kumi na nne, siku nembo ikibadilika wanasahau matatu. Kwa nini lakini? Hata maktaba nyingine za madirisha zina njia ya mara moja: Qt unaiweka kwenye QApplication kwa setWindowIcon imeisha hiyo, GTK 3 nayo ina set_default_icon. Swing, maktaba ya madirisha ya Java, ndo ina mambo yake, dialogi inarithi ikoni ya dirisha mzazi kama umemtaja, ukiweka null, yaani hana mzazi, unaletewa kikombe cha kahawa, ikoni ya Java yenyewe.

(Kule chini kwenye taskibaa ya Windows ikoni ya Python inaweza kuganda hata hivyo, mpaka programu uipe AppUserModelID yake, yaani kitambulisho ambacho Windows inaitambulia, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Mimi nilibadilisha neno moja tu. Yule mtumiaji simu za virusi kaacha, sasa ananipigia za printa.

Msomaji wenu, niliyechoka na manyoya